Ushauri: riwaya za kutisha zenye siri za familia. Siri ikifichuka hofu inaniisha, nisome ipi?

Kurasa za Usiku (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Mimi ni mpenzi wa riwaya za kutisha, ila si zile za zimwi kutoka msituni kuja kutafuna watu mmoja mmoja. Zangu ni za nyumba na ukoo. Mtu anarudi kwao baada ya miaka mingi, anakuta mlango wa darini umepigiliwa misumari, na kila akiuliza anaambiwa "achana nao huo, njoo ule". Picha ya harusi imekatwa upande mmoja. Shangazi anaanza sentensi, anamtazama mumewe, anaimeza. Hapo mimi nywele zimeshasimama, na mzimu wenyewe hata hodi haujapiga.

Kinachonikera ni theluthi ya mwisho. Kitabu kinanibana kurasa mia mbili nzima, kisha anatokea mtu anakaa kitako na kueleza kila kitu: babu alifanya hivi, mtoto alizikwa pale, ndiyo maana milango inajifunga. Basi, hofu yote inanitoka papo hapo. Zilizobaki ni kurasa za watu kukimbizana, makelele, na nyumba kuteketea. (Na kwa nini lazima nyumba iungue? Naulizia tu.)

Kwa hiyo naomba msaada wenu: ni riwaya gani za miaka ya karibuni, tuseme 2015 kuja huku, ambazo siri ikishasemwa bado unaogopa? Kiingereza hakinisumbui.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloninyima raha zaidi. Kikundi chetu cha kusoma kimenipa zamu ya kuchagua. Mwenzetu mmoja amezika mama yake hivi karibuni. Yeye mwenyewe hajasema lolote, lakini wengine wananinong'oneza nitafute kitabu chepesi, mambo ya makaburi na wazazi wafu niyaweke kando. Je, nibadilishe kabisa aina ya kitabu au niendelee?

Naomba kuwasilisha.

Chumba Namba Sita

Naweka kigoda changu hapa. Wajuzi wakifika mniamshe.

Mzee wa Rafu

Mleta uzi umegusa penyewe. Niseme ninavyoliona mimi, halafu nitaje kitabu.

Vitabu vinavyokuangusha mwishoni ni vile vilivyochanganya siri ya familia na fumbo la upelelezi. Fumbo la upelelezi ni jambo lisilojulikana. Likijulikana, kazi imekwisha, funga kitabu ukalale. Siri ya familia haiko hivyo hata kidogo. Siri ya familia kila mtu mzima ndani ya nyumba anaijua, ila imekubaliwa isisemwe. Funika kombe mwanaharamu apite. Mtoto anayekulia humo haisikii kwa maneno, anaisikia kwa namna watu wanavyonyamaza likitajwa jina fulani. Sasa mwandishi akikuficha wewe msomaji peke yako, kisha akakufunulia ukurasa wa 250, unakuwa umetegewa mtego tu, nyumba haijakutisha. Mwandishi mjanja anakuambia siri mapema, halafu anakulazimisha kukaa nayo.

Tazama Beloved ya Toni Morrison. Najua ni ya 1987, haimo kwenye vigezo vyako, lakini ndiyo mama wa nyingi mnazosoma leo. Mzimu wa mtoto umo nyumbani tangu mstari wa kwanza, na wakazi wanaishi nao kama mpangaji mkorofi. Kilichotokea unakijua kabla riwaya haijaisha, tena kina asili yake katika mkasa wa kweli: Margaret Garner, mwanamke mtumwa aliyetoroka, mwaka 1856 alimuua binti yake ili asirudishwe utumwani. Je, ukishajua hofu inapungua? Inazidi. Maana swali halikuwa "nini kilitokea". Swali ni mama huyo ataishije baada ya hapo.

Kwa miaka yako ya karibuni, nenda moja kwa moja kwa Mariana Enriquez wa Argentina: Our Share of Night. Kwa Kihispania ilitoka 2019 ikachukua tuzo ya Herralde, ya riwaya za Kihispania, mwaka huohuo, kisha Megan McDowell akaitafsiri kwa Kiingereza. Inaanza Januari 1981. Baba, Juan, yuko safarini kwa gari na mwanawe mdogo Gaspar. Mama wa mtoto amefariki. Mapema kabisa unaambiwa kwamba ukoo wa marehemu ni wa matajiri wenye dini yao ya siri wanaotaka kuishi milele, kwamba Juan ndiye chombo chao cha kuliita Giza, ile nguvu wanayoiabudu, na kwamba sasa wanammendea mtoto. Baba anajua. Wewe unajua. Gaspar ndiye hajui, na Juan ameamua asijue kamwe.

Kutoka hapo ni mateso. Kuna mahali baba anamjeruhi mwanawe vibaya mno, na wewe msomaji unaielewa sababu, ila mtoto haielewi, anaona tu baba aliyemgeukia kama mnyama. Nilifunga kitabu nikazunguka chumbani. Hakuna mzimu pale, hakuna giza, ni mkono wa mtoto na baba anayempenda.

Na yale matambiko yanafanyika ndani ya utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, wakati mashirika ya haki za binadamu yanahesabu waliopotezwa kuwa kama 30,000. Matajiri wa riwaya hii hawahitaji kuhangaika kuficha maiti. Katika nchi ambayo watu wanapotea kila siku, nani atauliza? Hiyo ndiyo siri ya familia na siri ya taifa kulala kitanda kimoja.

Onyo: ni kitabu kinene hasa, na katikati kuna sehemu inayorudi nyuma hadi London ya zamani ambayo baadhi ya watu wanaiona ndefu. Mimi niliipenda. Wengine walikata tamaa hapo.

Mbishi Asiyelala

Mzee wa Rafu naheshimu nondo zako, ila umekaza sana kamba. Kusema eti mwandishi anayefichua mwishoni ni mtega mitego ni kuwaonea watu. Ufichuzi una utamu wake. Mimi nalipa pesa yangu nifichuliwe!

Chukua Mexican Gothic ya Silvia Moreno-Garcia, 2020. Mexico ya mwaka 1950. Noemí, binti wa mjini mpenda sherehe, anatumwa na baba yake akamtazame binamu yake Catalina aliyeolewa huko milimani kwenye jumba la Waingereza waliokuwa na mgodi wa fedha. Catalina kaandika barua ya ajabu, anasema anawekewa sumu. Noemí anafika, chakula cha usiku kinaliwa kimya kwa sheria ya nyumba. Kimya kabisa! Unasikia vijiko tu. Karatasi za ukutani zina ukungu, na akizitazama sana ule ukungu unaanza kama kujongea.

Sasa maelezo yanakuja mwishoni kama usivyopenda. Lakini maelezo yenyewe ni machafu kuliko ulivyokuwa ukiwazia. Ukishajua ule ukungu ni nini na babu wa nyumba anauhitaji kwa kazi gani, unataka kurudi nyuma uyasome upya yale mazungumzo yake kuhusu "damu bora" na "damu mbovu", ambayo mwanzoni uliyaona ni upuuzi tu wa mzee mbaguzi. Hapo ufichuzi haujaua hofu, umeirudisha hadi ukurasa wa kwanza.

Kuhusu nyumba kuungua: lawama mpelekee Jane Eyre ya 1847, jumba la Thornfield liliungua. Kisha Rebecca ya 1938, jumba la Manderley nalo moto. Tangu hapo kila mwandishi akikwama anatafuta kiberiti. Kama la Mexican Gothic linaungua ama haliungui sikwambii.

Kurasa za Usiku (mleta uzi)

Mbishi, umenifanya nicheke kwa kiberiti. Mexican Gothic nimeisoma na nakubali pale mezani palinibana. Ila baada ya maelezo, mimi binafsi ilinigeukia ikawa sinema ya kukimbizana. Labda nina moyo mgumu.

Mzee wa Rafu, hilo la siri inayojulikana na wote limenikaa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Endeleeni wakuu, na lile swali langu la pili msilikwepe.

Binti Simulizi

Nalijibu la pili, kwa sababu naona wanaume wa uzi huu wamelikimbia 😄

Dada (au kaka, samahani), mimi nilisoma How to Sell a Haunted House ya Grady Hendrix, 2023, nikiwa na msiba mbichi wa mzazi. Inahusu Louise, ambaye wazazi wake wote wawili wamekufa ajalini, inabidi arudi kuuza nyumba pamoja na kaka mtu waliyenuniana miaka. Mama yao alikuwa akitengeneza vikaragosi, nyumba imejaa vitu hivyo hadi vyumbani. Mlango wa darini umepigiliwa misumari, kama ulivyosema wewe.

Sasa Hendrix amegawa kitabu kwa zile hatua za maombolezo: kukana, hasira, na kuendelea hadi kukubali. Nilidhani ni mbwembwe. Lakini ugomvi wa urithi kati ya Louise na Mark, jinsi wanavyorushiana maneno ya utotoni wakiwa wamesimama katikati ya nguo za marehemu, ule ni msiba wenyewe hasa. Yale mambo ya vikaragosi yananitisha lakini yananichekesha pia. Kilichonitoa machozi ni mtu kufungua friji ya mama yake aliyekufa na kulazimika kuamua atupe nini.

Kwa hiyo kitabu cha wazazi wafu hakikuniumiza. Kilichoniumiza kipindi kile ni watu kunichagulia. Kila nikiingia mahali mazungumzo yanabadilishwa, filamu inazimwa, naulizwa "uko sawa?" kwa sauti ya hospitalini. Ushauri wangu: usimchagulie kwa siri. Mpigie, mwambie nina vitabu vitatu, hiki kina kifo cha mzazi, hiki cha mtoto, hiki hakina, wewe ungependa kipi au ungependa upumzike mwezi huu? Akikuambia hataki, yameisha, hata asieleze sababu.

Na huoni kichekesho chenyewe? Kikundi kizima kinanong'ona pembeni kumficha mtu mmoja jambo, ili kisisome kitabu cha familia inayonong'ona pembeni.

Chumba Namba Sita

Binti Simulizi hapo mwisho umepiga msumari. Nimeamka.

Mzee wa Rafu

Nakubali kutoka moyoni. Niongeze tu kwamba Our Share of Night nisingeipendekeza kwa aliyefiwa jana. Kifo cha mzazi mle hakina faraja hata chembe.

Nyuki Mweusi

Kwa mwenzenu huyo kuna A House with Good Bones ya T. Kingfisher, 2023. Ni ya kutisha lakini ina mzaha mwingi na haichukui muda. Sam ni mtaalamu wa wadudu, anarudi kwa mama yake na kukuta mama amebadilika. Mama aliyekuwa anapenda kuta za rangi za kuwaka amepaka nyumba yote rangi iliyopauka, amerudisha picha ukutani ambazo alizichukia maisha yake yote, na anasali kabla ya kula kama alivyokuwa akilazimisha bibi, ambaye alishakufa zamani. Halafu bustani ya waridi ya bibi: Sam anaikagua kwa jicho la kazi yake na kukuta hakuna mdudu. Hata mmoja. Siafu hakuna, nyuki hakuna.

Kwangu huo ndio ukurasa wa kutisha kuliko vyote, na hakuna kinachotokea. Ni mtu kachuchumaa anageuza majani.

Mwisho wake ni wa vurugu, nakutahadharisha mleta uzi, unaweza kulalamika tena. Ila yule mama anayemwogopa mama yake aliyekufa ni mtu wa kweli kabisa.

Wino Mkavu

Jamani mbona hakuna aliyetaja The Reformatory ya Tananarive Due? 2023, ilichukua tuzo ya Bram Stoker, ya vitabu vya kutisha, kama riwaya bora ya mwaka huo. Naona tunazungukazunguka mbuyu.

Mleta uzi hii ndiyo yako. Florida, mwaka 1950, zama za ubaguzi wa kisheria. Robert Stephens, mtoto mweusi wa miaka 12, anampiga teke kijana mzungu wa tajiri aliyekuwa akimsumbua dada yake Gloria. Kwa teke hilo anahukumiwa miezi sita katika shule ya marekebisho. Robert ana kipaji cha kuona wafu, na shule ile imejaa watoto wafu. Mkuu wa shule akigundua kipaji hicho anataka kukitumia, kwa sababu mizimu ni ushahidi, na yeye ana mengi ya kuficha.

Hapa siri hufichuliwi mwishoni. Unaijua tangu Robert anapita getini. Kila mtu wa mji ule anaijua: hakimu, wazazi, wapishi. Kilichobaki ni saa inayohesabu, na dada yake nje anahangaika mlango hadi mlango kumtoa. Mimi mizimu ya mle ndani haikunitisha hata kidogo, niliionea huruma. Waliokuwa wakinitisha ni walio hai wenye funguo kiunoni.

Sasa sikia nyuma ya pazia. Shule halisi ilikuwepo, Dozier School for Boys, mji wa Marianna, Florida. Ilifunguliwa 1900 ikafungwa 2011. Makaburini palikuwa na misalaba 31. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha South Florida walipochimba wakakuta makaburi 55. Na Robert Stephens ni jina la kweli: mjomba wa mama yake mwandishi, aliyefia pale mwaka 1937 akiwa na miaka 15. Due alikuja kujua habari zake mwaka 2013, mama yake mwenyewe akiwa ameshafariki. Kwa hiyo alichofanya kwenye riwaya ni kumpa mtoto yule dada wa kumpigania, na kumsogeza kutoka 1937 hadi 1950.

Ukishajua hayo, kila ukurasa ambao Robert wa riwaya anakaribia kifo unausoma ukiwa unajua yule halisi hakutoka. Hakuna maelezo ya mwishoni yatakayokuondolea hofu hiyo, kwa sababu iko nje ya kitabu.

Mbishi Asiyelala

Wino Mkavu, swali la haki: hapo hofu ni ya riwaya au ni ya historia? Maana mwandishi akichukua jambo la kweli la kutisha, kazi nusu ameshafanyiwa.

Wino Mkavu

Kazi nusu ameshafanyiwa, na nusu iliyobaki ndiyo inayowashinda wengi. Kuna riwaya lukuki zinachota mauaji ya kweli kisha zinaweka mzimu wa kulipiza kisasi, watu wabaya wanakufa, msomaji anapumua. Due hakuruhusu upumue hivyo. Anakuweka bwenini na wavulana, unajua nani anakoroma, nani anachekesha, nani amechongea wenzake ili apate chakula zaidi. Historia haikupi hayo, kwenye faili kuna jina na tarehe tu.

Mtafiti wa Kucha

Kwa mstari huohuo wa historia kuna Stephen Graham Jones, The Buffalo Hunter Hunter, 2025. Mwanazuoni mmoja anayebanwa na kazi, Etsy, anapokea shajara ya babu yake wa kale, mchungaji wa Kilutheri, iliyokutwa ndani ya ukuta mwaka 2012. Mchungaji aliiandika 1912. Ndani yake amenukuu maungamo ya mtu wa kabila la Blackfeet, wenyeji wa asili wa Marekani, anayeitwa Good Stab, ambaye hafi na anakunywa damu. Maungamo yanarudi kwenye mauaji ya Mto Marias, 23 Januari 1870, ambapo jeshi la Marekani lilishambulia kambi ya Blackfeet iliyokuwa na wanawake, watoto na wagonjwa wa ndui wengi.

Ninachotaka uone ni ukaaji wa watu wawili hawa. Anayeungama ni mnyonya damu, anayesikiliza ni mchungaji mwenye kola nyeupe na vitafunio vyake mezani. Taratibu unaanza kujiuliza kwa nini huyu muuaji amechagua kanisa hili na mchungaji huyu. Mchungaji naye anaanza kujiuliza, ila yeye anajua jibu tangu mwanzo. Ndiyo ile ile ya Mzee wa Rafu, siri inajulikana na mwenyewe, anaizungukia tu kwa maneno mazuri.

Lugha yake ni ngumu kidogo, wanyama wanaitwa kwa majina ya Good Stab mwenyewe na hakuna anayekufafanulia. Vumilia kurasa za mwanzo. Waliosikiliza toleo la sauti wanasema lilisaidia.

Jirani wa Mizimu

Naongeza A Head Full of Ghosts ya Paul Tremblay, 2015, kwa sababu yenyewe inakataa kabisa kukupa maelezo. Msichana wa miaka 14 amepagawa au anaugua akili? Familia haina fedha, inaruhusu watu wa televisheni waje kurekodi. Anayesimulia ni mdogo mtu, alikuwa na miaka 8 wakati huo, sasa mtu mzima, na kuna mahali unaanza kumtilia shaka yeye. Ukimaliza unajua kilichotokea, ila hujui kilikuwa nini. Watu wanagombana juu ya kitabu hicho hadi leo, kwa kikundi cha kusoma ni chakula tosha.

Na jamani tusijisahau, kwa Kiswahili mizimu ya ukoo haikuanza jana. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001, ina babu aliyekufa anayemrudia mjukuu wake mkubwa wa madaraka kumwonyesha alichokifanya. Haiuzwi kama riwaya ya kutisha lakini isome usiku peke yako uone. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla nayo ina jina la kutisha, ila mle ndani ni upelelezi wa Bwana Msa. Usije ukanilaumu.

Kurasa za Usiku (mleta uzi)

Wakuu nimesoma yote, mengine mara mbili. Nimempigia yule mwenzetu jana kama Binti Simulizi alivyoshauri. Nilimsomea orodha. Alinyamaza kidogo, akaniambia: "Hicho cha vikaragosi nilishakianza kabla ya msiba, kiko kitandani kwangu. Chagueni The Reformatory." Kisha akaniuliza nani aliwaambia yeye hawezi kusoma vitabu vya kutisha. Sikutaja majina.

Kwa hiyo kikundi kinakwenda na The Reformatory. Mimi pembeni naanza Our Share of Night. Mzee wa Rafu, je, nisome kwanza kuhusu utawala wa kijeshi wa Argentina au niingie hivihivi?

Mzee wa Rafu

Ingia hivihivi. Gaspar naye haelewi nchi yake iko katika hali gani, mnakuwa sawa. Ukifika sehemu ya mwandishi wa habari anayekwenda kwenye kaburi la halaiki, hapo simama, usome kidogo historia, kisha rudi. Na usipekuepekue intaneti kutafuta majina ya wahusika. Kuna mtoto mmoja mle, Adela, ambaye hutakiwi kujua lolote kumhusu kabla ya kufika kwenye nyumba ile ya mtaani.

Wino Mkavu

Kwa The Reformatory fanyeni kinyume. Maelezo ya mwandishi kuhusu mjomba wa mama yake yako mwishoni mwa kitabu, ila nashauri kikundi kikubaliane mapema: ama wote mnajua habari za Dozier kabla, ama wote hamjui. Mkichanganyika, wanaojua watakuwa wanatazamana kila mwingine akisema "nadhani atatoka".

Mbishi Asiyelala

Nami nimeiagiza hiyo ya Due, nione kama kweli haina kiberiti.

Wino Mkavu

Mbishi, shule halisi bweni lake liliungua 1914. Soma tu.